Soya ni jamii ya maharage, sio ng'ombe: kuhusu smuthi ya soya kwa mtoto wa miezi 10

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Morogoro, nina binti wa miezi 10 na kaka yake wa miaka 2 na miezi 3. Nimerudi kazini, maziwa yangu yamepungua, na maziwa ya ng'ombe nikimpa huyu mdogo anaharisha. Jirani kanifundisha smuthi ya soya: vijiko viwili vya unga wa soya, ndizi, tende na maji, nasaga kwenye blenda, namwekea kwenye chupa, dada anampa mara tatu kwa siku. Anaipenda sana ila tumbo linajaa gesi, na kliniki mwezi huu hajaongezeka hata kidogo. Mama mkwe naye kaniambia kaka yake nisimpe kabisa maana soya inaotesha matiti watoto wa kiume. Niendelee au niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera kwa kulea wawili wanaofuatana hivyo huku unatoka asubuhi unarudi jioni, najua ilivyo. Ntakujibu kwa kirefu maana maswali ya soya napata kila wiki, lakini kabla ya yote, leo leo, hiyo smuthi jinsi unavyoitengeneza iache. Sijasema soya uache, nimesema hiyo ya unga na maji kwenye chupa, mwambie dada asimpe tena, alafu twende taratibu nikueleze kwanini na uweke nini mahali pake.

Nianze na unga. Umesema unga wa soya, hujasema unga gani, na hapo ndipo wengi mnapoteleza. Ukienda pale soko la Kingalu utakuta unga wa soya wa aina mbili na kwa macho zinakaribiana: kuna soya iliyosagwa mbichi, ile watu wananunua wakachanganye na mahindi wapike uji, na kuna soya iliyokaangwa ikasagwa, ile ya chai ya soya. Muuzaji ukimuuliza atakwambia "soya ni soya mama". Sio kweli! Onja kidogo kwenye ncha ya ulimi. Mbichi ni ya njano iliyopauka, ina ladha ya majani majani na ukali fulani hivi unabaki kooni. Iliyokaangwa ina rangi ya kahawia na inanukia kama karanga.

Kuna mama mmoja alinijia kliniki, mtoto wake wa miezi 11, kadi imelala miezi miwili, mstari hauendi juu wala chini. Kanieleza chakula cha mtoto kwa ufasaha kabisa: soya, parachichi, ndizi, ukisikiliza unasema huyu mtoto anakula kuliko mimi. Nikamwambia kesho uje na vitu vyako utengeneze hapa nione. Akaja na kopo lake, akachota unga, akamimina kwenye maji baridi ya kunywa, akatia ndizi, akakoroga, tayari. Nikachovya kidole nikaonja. Mbichi kabisa! Yule mtoto alikuwa anakunywa soya mbichi kila siku, na mama wa watu anaamini anampa protini.

Tatizo ni kwamba soya mbichi ina vitu vyake vya kujilinda, maana ni mbegu na mbegu haitaki kuliwa. Kimojawapo kinazuia tripsini, ambayo ni kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini. Kwahiyo unampa mtoto protini na hapo hapo unampa kitu kinachozuia asiimeng'enye, inapita tu, huku tumbo linaunguruma, gesi, wakati mwingine kuharisha na kutapika. Dawa yake ni moto. Moto wa maana wenye unyevu na muda, sio kuchovya kwenye maji ya uvuguvugu. Blenda haipiki mwanangu, hata izunguke nusu saa.

Na hata ile ya kukaanga usiiamini moja kwa moja. Soya ikikaangwa kwenye jiko la mkaa moto ukiwa mkali, nje inakuwa kahawia ndani bado. Ukikaanga mwenyewe toa punje tatu nne, ziache zipoe, uzing'ate. Ikivunjika kwa kukatika kama karanga kavu mpaka katikati, imeiva. Ikiwa katikati ina ubichi kama wa harage bado. Ndiyo maana mimi nawashauri wachemshe kwanza, wakaushe, ndio wakaange, na hata hapo huo unga ukiutia kwenye uji acha uji uchemke dakika 15 au zaidi.

Haya, tuseme unga wako ulikuwa umeiva vizuri. Bado nina ugomvi na hiyo chupa, na huu ndio ugomvi mkubwa zaidi.

Watu wakisikia "maziwa ya soya" wanaona jina maziwa wanadhani kazi ni ile ile. Soya ni jamii ya maharage. Juisi ya soya ni juisi ya maharage, nzuri sana, soya kavu ina protini kama theluthi nzima ya uzito wake na mafuta kama asilimia 20, kwenye jamii hiyo ni chache zinazoifikia kwa protini, lakini haijawahi kuwa ng'ombe na haijawahi kuwa mama. Ile unayokamua nyumbani haina vitamini B12, haina vitamini A ya maana, na kalsiamu ni kidogo mno ukilinganisha na maziwa ya ng'ombe. Usichanganye pia na ile formula ya soya ya watoto wachanga inayouzwa famasi kwenye kopo, ile imetengenezwa kiwandani ikaongezwa madini na vitamini mpaka ifanane na mahitaji ya mtoto, ni kitu kingine kabisa. Mtoto chini ya mwaka mmoja maziwa ya soya ya kawaida hayawi kinywaji chake kikuu. Kama kiungo ndani ya chakula sawa, kama maziwa yake hapana.

Alafu fanya hesabu ya tumbo. Mtoto tumbo lake linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya mwili. Binti yako akiwa na kilo 8, hapo ni mililita 240 hivi, yaani chupa moja ya kawaida imeshajaza tumbo lote mpaka kwenye mlango. Ndani ya hiyo chupa kuna nini? Nimekisia ndizi moja, tende tatu na vijiko vyako viwili vya unga kwenye nusu lita ya maji, napata kama kalori 100 kwa chupa, na nyingi ni za sukari ya ndizi na tende. Ujazo huo huo wa uji mzito wenye siagi ya karanga unaweza kubeba mara mbili ya hapo. Sasa akinywa chupa tatu, uji wa saa 4 anaukataa, chakula cha mchana anageuza shingo, dada anakwambia "kashiba", na kweli kashiba, kashiba maji. Jioni na wewe ukirudi hana hamu ya kunyonya vizuri. Ziwa lisiponyonywa linapunguza kazi. Nadhani unaona mzunguko ulipo: hajaongezeka uzito sio kwasababu soya ni mbaya, ni kwasababu smuthi imekaa kwenye kiti cha chakula na kwenye kiti cha ziwa kwa pamoja.

Kwahiyo tunaanza na ziwa. Umesema yamepungua, hujasema yamekauka, bado tuna pa kuanzia. Mnyonyeshe asubuhi kabla hujavaa nguo za kazini, ukirudi kabla hujaingia hata jikoni, na usiku kila anapotaka. Kazini kamua, hata kwa mkono, kwenye kikombe chenye mfuniko ulichokisuuza kwa maji ya moto. Kwenye friji yanakaa mpaka siku 4, nje ya friji yasizidi saa 4 na kwa joto la Morogoro wakati wa kiangazi mi nakwambia chini ya hapo. Na wengi hamjui, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa haki ya mpaka saa mbili kwa siku kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kama nyumbani ni karibu zitumie, mwajiri akinuna mwonyeshe kifungu cha 33. Shirika la Afya Duniani linasema anyonye mpaka miaka 2 na zaidi, kwahiyo miezi 10 bado uko katikati ya safari.

Kuhusu ng'ombe kumharisha. Hapa sitaki kubahatisha maana "nikimpa anaharisha" inaweza kuwa mambo matatu au manne tofauti. Maziwa yanachemshwa mpaka yafurike kweli au yanapashwa tu? Yanatiwa maji, na maji gani? Alianza kupewa akiwa ametoka kuumwa tumbo? Mtoto aliyetoka kuharisha utumbo unachoka kwa muda, sukari ya maziwa inamsumbua wiki chache alafu inapita, na wengi wa hivyo wanavumilia mtindi vizuri tu kuliko maziwa yasiyogandishwa. Lakini kama ukimpa anatoka vipele mwili mzima, au midomo inavimba, au anatapika sana, au choo kina damu au makamasi, hiyo inaweza kuwa aleji ya protini ya maziwa na hapo unaenda hospitali, huendi kwa jirani. Nakwambia hivyo kwa sababu moja ya msingi: baadhi ya watoto wenye aleji ya ng'ombe, hasa ile ya tumboni, wanakataa na soya pia. Mtu anakimbia ng'ombe anaangukia soya, mtoto anaendelea kuharisha, na mama anabaki anazunguka.

Dalili za soya kumkataa ni hizo hizo. Kuna na aina moja inawachanganya watu, mtoto anakula vizuri kabisa, saa moja mpaka nne baadae anaanza kutapika mfululizo, analegea, anapauka. Hiyo ni ya kukimbizwa. Na akipumua kwa shida au uso ukivimba, usisubiri hata bajaji ya mtu unayemjua.

Haya, sasa jikoni, maana najua hapa ndipo ulikuwa unasubiri.

Mi smuthi ya mtoto chini ya mwaka siitengenezi kwa maziwa ya soya wala unga. Natumia soya nzima iliyopikwa. Nitakwambia ninavyofanya nyumbani kwangu kwa wajukuu. Kikombe kimoja cha soya nachambua, natoa zilizooza na zenye ukungu na vijiwe, naosha, naloweka usiku kucha kwenye maji mengi maana zinavimba mara mbili na zaidi. Asubuhi yale maji namwaga, situmii. Nazifikicha kwa viganja ndani ya maji masafi, maganda yanaelea juu, nayatoa, na sehemu ya gesi ya tumboni imeondoka na hayo maganda na hayo maji. Alafu nachemsha, kwenye sufuria ya kawaida ni saa mbili mpaka tatu, kwenye presha kuka ni kama dakika 40. Imeiva lini? Chukua punje ibonyeze kwa kidole gumba na cha pili, ikisagika kama siagi bila punje ngumu katikati imeiva. Ikiteleza ikakuruka, rudisha motoni.

Hizo nasaga na maji kidogo sana ya moto mpaka ziwe rojo laini, naweka kwenye trei ya barafu, friza. Kila kitundu ni kama kijiko kimoja cha chakula. Umeme ukikatika siku nzima yakayeyuka, nayala mimi kwenye mchuzi, simpi mtoto.

Kwa binti yako: vijiko viwili vya chakula vya hilo rojo (likiwa limepashwa likachemka alafu likapoa), nusu ya ndizi ndogo mbivu au kipande cha embe, kijiko kimoja cha parachichi, na kamulia pasheni moja iliyochujwa mbegu au chungwa kidogo. Kulegeza tumia maziwa yako uliyokamua, kama hakuna basi maji yaliyochemshwa, vijiko viwili vitatu. Iwe nzito. Ukichota kwa kijiko ukakiinamisha isimiminike, idondoke kwa kusita. Na anakula kwa kijiko, kwenye bakuli, kama nusu kikombe, mara moja kwa siku, kama kitafunwa cha saa 10 jioni, baada ya chakula cha mchana kuwa kimeshaliwa.

Usinione mkali kwa chupa. Kwa kijiko anajifunza kutafuna na kusukuma chakula kwa ulimi, na mtoto wa miezi 10 ashazoea hata vijibonge vidogo vidogo, ndizi unaiponda kwa uma tu wala blenda haihitajiki. Tena nakuomba kabisa siku zingine blenda ipumzike, mtoto aliyezoea laini tupu mpaka mwaka na nusu ukimpa ugali anabanja, utakuja kuniuliza swali lingine. Alafu chupa ni ngumu kusafisha, ile chuchu ina pembe pembe maziwa yanaganda, dada anasuuza kwa maji ya bomba anaweka tena, na kuharisha kwingine kunatoka humo tu. Usafi wa kikombe na kijiko mtu yeyote anaona.

Pasheni au chungwa sijaweka kwa ladha. Soya ina madini chuma mengi kwenye makaratasi, lakini ina kitu kinaitwa faiteti kinachoyashika yale madini yasinyonywe na mwili. Vitamini C inasaidia kuyafungua kidogo, na kuloweka nako kunapunguza. Ila hata hivyo usitegemee soya kwa damu ya mtoto. Umri wake huu ndio anahitaji madini chuma kuliko hata baba yake, maana akiba aliyozaliwa nayo imeisha na maziwa ya mama hayana mengi. Maini ya kuku yaliyoiva yakapondwa mara moja kwa wiki, yai, dagaa waliooshwa wakakaushwa wakasagwa, nyama ya kusaga, hivyo ndivyo vya damu. Umri wa miezi 9 na kuendelea ale mara tatu mpaka nne kwa siku, na kitafunwa mara moja au mbili. Smuthi ya soya ni kimoja kati ya hivyo vitafunwa, basi. Na chai ya rangi, hata iwe imechanganywa na soya, usimpe, inazuia hayo madini.

Nisipite hapo kwenye chai ya soya maana kuna nyumba mtoto wa mwaka mmoja anakunywa asubuhi na jioni wanasema ni lishe. Ile ni kijiko kimoja cha unga kwenye kikombe cha maji na vijiko viwili vya sukari. Mtu mzima anayekwepa kahawa inamfaa. Mtoto hapana.

Kwakuwa alishakunywa soya na gesi imemsumbua, mpumzishe wiki nzima bila soya ya aina yoyote, hata kwenye unga wa uji. Tumbo likitulia anza na kijiko kimoja cha chai cha rojo lililoiva, siku tatu, bila kuongeza chakula kingine kipya, uangalie. Akiwa sawa ongeza taratibu mpaka hivyo vijiko viwili. Akisumbuka tena kwa soya iliyoiva kabisa, tujue sio upishi, ni soya yenyewe, aonwe.

Sasa kaka mtu. Huyu mkubwa anaweza kunywa maziwa ya soya kwa kikombe, na hapa ndio kukamua kunafaa. Soya iliyolowekwa unaitumbukiza kwanza kwenye maji yanayochemka dakika 10 hivi, inaua ile harufu ya maharage mabichi watoto wanayoikataa, alafu unasaga na maji ya moto, kikombe kimoja cha soya kavu kwa vikombe vitano sita vya maji, unachuja kwa kitambaa safi unakamua. Machicha usitupe, tia kwenye chapati au kababu. Sasa sikiliza hapa vizuri: maziwa ya soya ni mwongo. Ukiyaweka jikoni, hata hayajachemka, yanapanda povu kubwa mpaka kwenye ukingo wa sufuria, mtu anasema tayari, anaipua. Bado! Lile ni povu tu, joto halijafika. Tumia sufuria kubwa isiyojaa hata nusu, koroga kwa mwiko mpaka povu lishuke, punguza moto, uyaache yachemke taratibu dakika 15 mpaka 20 huku unakoroga chini yasishike. Mi mwenyewe yalishanifurikia yakazima jiko la gesi, harufu ikakaa jikoni siku mbili, kwahiyo nakwambia kitu ninachokijua.

Yakipoa friji, na yaishe ndani ya siku mbili. Nje yasikae zaidi ya saa mbili. Na papai usilisage kwenye maziwa ukaliweka, likikaa linaleta uchungu, saga unywe hapo hapo.

Huyu kama ng'ombe hamdhuru, abaki na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kikombe kimoja na nusu hivi kwa siku, yasizidi nusu lita maana yakizidi hali chakula na damu inapungua. Soya iwe ya kubadilisha ladha. Ikibidi soya ichukue nafasi ya ng'ombe kabisa, basi iwe ile ya boksi iliyoongezwa kalsiamu na vitamini, soma lebo, utafute kalsiamu, vitamini D na B12, na isiyo na sukari. Tikisa boksi kwa nguvu kabla ya kumimina, kalsiamu inatuama chini, nimeshapasua boksi tupu nikakuta tope jeupe limelala, yaani mtoto kanywa maji ya juu na kalsiamu tumeitupa jalalani.

Na matiti. Mpe mama mkwe heshima yake, hajalitoa hewani. Soya ina isoflavoni, ambazo umbo lake linafanana fanana na homoni ya kike, ndio chanzo cha hayo maneno. Lakini kufanana sio kuwa. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa watu wazima 811 wa miaka 20 mpaka 34, ambao utotoni walikuwa kwenye majaribio ya lishe kule Iowa, wengine walilelewa kwa formula ya soya na wengine ya ng'ombe. Hao wa soya walikuwa wananywa hiyo tu kama maziwa yao, sio kikombe cha hapa na pale kama mwanao. Urefu, uzito, kubalehe, hapakuwa na tofauti ya maana, kwa wanawake tu waliokulia soya hedhi ilikuwa ndefu kidogo. Kwa wanaume hawakuona tofauti yoyote ya maana. Mweleze mama kwa upole, na kama bado hajaridhika usigombane, mpe mtoto harage, nyumba itulie. Watoto wa kuwa nao makini kwa soya ni wengine: wanaotumia dawa za tezi la shingo, maana soya inazuia dawa isinyonywe vizuri, na njiti kwenye suala la formula. Hao waongee na daktari wao.

Tende: ni tamu sana na inang'ang'ania kwenye meno, na chupa ya tamu tamu inayonyonywa kidogo kidogo kutwa nzima ndio inaozesha meno ya mbele yakawa meusi kabla hajafika miaka 3. Ndizi mbivu inatosha utamu. Sukari usitie, na asali usimpe kabisa huyu mdogo kabla ya mwaka mmoja, inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya kulegeza misuli kwenye tumbo changa. Karanga nzima hapana kwa wote wawili, zinapalia, ila siagi ya karanga laini ukikorogea ndani ni sawa.

Na kwenye karanga na nafaka za unga wa lishe, kabla ya kusaga, ondoa kila kilichobadilika rangi au kusinyaa. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haionekani na kuchemsha hakuiondoi, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyokuwa nayo. Kama unatengeneza unga, nafaka moja na soya inatosha, vikombe vitatu vya mahindi au mtama kwa kimoja cha soya iliyoiva. Hii mitindo ya nafaka 12 kwenye kopo moja siipendi hata kidogo, kila kitu kina muda wake wa kuiva na mtoto akipata vipele hujui nani kafanya.

Ndani ya wiki hii rudi kliniki, usingoje tarehe ya mwezi ujao. Nenda na kadi, na mpeleke dada pia kama unaweza, yeye ndio anayejua kilichoingia tumboni mchana. Mwambie nesi mwezi huu hajaongezeka, na kwamba anaharisha akinywa maziwa ya ng'ombe, na muulize swali la aleji. Apimwe na damu. Akiharisha tena mara tatu au zaidi kwa siku ni ORS na zinki hapo kituoni na ziwa kama kawaida, sio kumfungia chakula. Apimwe kwenye mzani ule ule, nguo zitolewe zote, wiki mbili baadae tena. Uzito ukigoma kupanda wakati smuthi ya chupa imeshaondoka na milo imerudi, nitumie ujumbe, nitataka kujua alichokula siku tatu mfululizo, kila kitu, hata biskuti aliyopewa na kaka yake.